Mrejesho: antena moja, TV tatu, Ngamiani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini antena moja ya juu ya bati, ikigawiwa TV tatu zenye ving'amuzi vyake, sebuleni inaonyesha safi, kwa watoto picha inakatika vipande vipande, na kwa bi mkubwa giza kabisa.

Kosa halikuwa kwenye ving'amuzi. Spilita (kigawanya waya wa antena) ya njia nne hula nguvu ya mawimbi kama desibeli 7 kila tundu, na fundi wa kwanza alikuwa ameichomeka busta (kikuza mawimbi) nyuma ya TV ya sebuleni, baada ya mgao! Pale inakuza makelele (uchafu wa mawimbi) tu. Tumeipandisha karibu na antena, kabla ya spilita, umeme wake unapita kwenye waya uleule. Tundu la nne lililobaki wazi tumeliziba kwa kifuniko cha omu 75 (ukinzani sawa na wa waya wa antena).

Halafu, kule juu, nilipofungua koneka maji yakanidondokea mkononi, waya wa kati umeota ukijani. Upepo huu wa bahari wa Tanga nao! Tumekata, tumefunga koneka mpya na kuizungushia tepu ya mpira.

Jana bi mkubwa kaangalia taarifa ya habari kitandani kwake. Amelalamikia sauti tu.