Naomba ushauri: mgombea huyu nusu namkubali, nusu ananitia shaka

Habari zenu wakuu. Nipo Iowa, Marekani, shamba kabisa, mahindi na soya mpaka macho yanachoka. Nimeshapata uraia, Novemba 2026 napiga kura kwa mara ya kwanza. Juzi mgombea wa Baraza la Wawakilishi la jimbo kapita, kakaa barazani kwangu karibu saa nzima.

Kwenye ardhi tunaelewana. Hataki kampuni ya bomba la hewa ukaa itwae njia kwenye mashamba ya watu kwa lazima, hata kwa fidia. Mswada wa kuibana ulipita mwaka 2025, gavana Kim Reynolds akaupiga veto. Jirani zetu South Dakota walishapiga marufuku utwaaji huo wa lazima mwaka huohuo. Mzee ninayemlimia kachomekewa vigingi vya wapima katikati ya soya, hata kulala halali vizuri.

Shule sasa. Anaitetea sheria ya 2023 inayompa mzazi zaidi ya dola 7,500 kwa mwaka kumlipia mtoto shule binafsi. Binafsi ipi? Ya karibu ni dakika 50 kwa gari! Wangu anapanda basi la shule ya umma saa 12:30 asubuhi, na tayari kuna fununu ya kuiunganisha na ya wilaya jirani.

Anarudi Jumamosi. Nimbane kwa swali gani? Na ninyi mngempa kura?