Intavyuu ya unahodha Kigoma, wataniuliza nini?

MtotoWaKibirizi:
Wakuu habari za saa hizi. Bro wangu kaitwa intavyuu ya unahodha wa meli ya mizigo hapa Kigoma, vyeti anavyo, chuo kasoma DMI Dar (chuo cha mabaharia), ila uzoefu wake karibu wote ni baharini na anaogopa wazee wa ziwa watamkalia kooni. Aanzie wapi?

Mzee_Ujiji:
Mwambie asidharau ziwa. Tanganyika linapita mita 1,400 kwenda chini, karibu na mwambao mwingi hata nanga haishiki kirahisi, na ule upepo wa kusi wa kiangazi ukichachamaa si mchezo. Swali lao la mtego ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: meli ile ile mzigo ule ule inazama zaidi kuliko baharini, kwa hiyo ajue kusoma alama za ubavuni zinazoonyesha meli imezama kiasi gani na asiishie kukariri.

Baharia2:
Uthabiti wa meli, yaani isipinduke, lazima aulizwe, MV Bukoba iliyozama 1996 bado inauma watu. Wakimuuliza tajiri mwenye meli anataka kuongeza mzigo kupita kiwango na anapiga kelele waondoke afanyeje, ajibu fasta kwamba meli haitoki, asianze kuzunguka eti nitamshauri bosi, hapo anaangushwa.

Dada_Mwanga:
Na sheria za kupishana, njia zikikatizana, meli inayoiona nyingine kulia kwake yenyewe ndo inapisha 😂 wengi wanachanganya. Apeleke original za vyeti.

MtotoWaKibirizi:
Asanteni sana, Mzee shkamoo. Nampigia sasa hivi.