Naombeni ushauri: nimeambiwa nisifumue nywele hadi sini yangu ya pili irekodiwe, na tarehe haijulikani

Fundi wa Mwanjelwa:

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Mbeya. Nina cherehani yangu karibu na soko la Mwanjelwa, na kwa miaka sita nimekuwa nikiigiza, kwanza katika maigizo ya kanisani na ya kuhamasisha afya vijijini, baadaye katika tamthilia za televisheni kila inapopatikana nafasi ndogo.

Mapema mwezi Juni nilipigiwa simu nikapewa nafasi ya muuguzi. Muuguzi huyo hana jina. Kwenye muswada ameandikwa "Muuguzi 2", ana sini mbili, yaani vipande viwili vya hadithi, na sentensi tano kwa jumla. Katika sini ya kwanza anampokea mama mgonjwa wodini usiku, na katika ya pili, ambayo kwenye hadithi ni alfajiri inayofuata, anatoka kumpa habari mtoto wa yule mama. Hajaenda nyumbani, hajabadili nguo, kwa hiyo anatakiwa kuonekana vilevile alivyokuwa usiku.

Niliambiwa nifike Uyole saa 11 alfajiri, katika jengo la zamani lililopangwa lifanane na wodi. Anayeijua Uyole ya mwezi Juni anajua baridi ninayoisema. Nilishuka kwenye pikipiki vidole vimekufa ganzi. Mpambaji akanitazama kichwani, akakuta nimesuka twende kilioni, akasema zinafaa kabisa, nisiguse kitu. Baada ya hapo nilikaa kwenye benchi la korido hadi saa 8 mchana. Sikulala, kwa sababu mtu akilala uso unavimba, na sikwenda mbali, kwa sababu mara tatu msaidizi wa mwongozaji alipita akisema, "Dada, jiandae, zamu yako inafuata." Sentensi zangu nilizirudia mpaka zikapoteza maana, nikaziacha, nikazirudia tena.

Kazi yenyewe haikufika saa nzima. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili mchana uwe usiku, nikaonyeshwa kipande cha utepe sakafuni ambapo nilitakiwa kusimama bila kukitazama, kisha nimvalishe yule mama mkanda wa mashine ya presha huku nikisema, "Mama, lete mkono, usiukaze." Tulirudia mara tisa: kwanza kamera ikiwa mbali, kisha karibu na uso wa mgonjwa, na mwisho mikono yangu peke yake. Kabla ya picha ya mikono, yule anayetunza mwendelezo, yaani anayehakikisha kila kitu kinafanana picha hadi picha, aligundua kwamba mkono wa sweta nililovaa ndani ya gauni kwa sababu ya baridi ulikuwa umeteremka na kuchungulia, ilhali katika picha za awali haukuonekana. Nikalivua. Mikono ikaanza kutetemeka, na kadiri nilivyojizuia ndivyo ilivyozidi. Nilidhani nimeharibu, lakini mwongozaji alitazama kwenye skrini yake, akasema iachwe hivyohivyo, kwa kuwa muuguzi aliyekesha anaweza kutetemeka mikono. Nawaambieni ukweli, kwa ajili ya dakika ile moja ningekaa tena kwenye lile benchi.

Jioni nililipwa shilingi 60,000 kwa simu, nikaambiwa nisifumue nywele, kwamba wiki inayofuata tutamaliza sini ya pili. Leo ni wiki ya saba. Kila nikiuliza najibiwa nikae tayari. Nywele zimeota chini, mistari imelegea, kichwa kinawasha hata usingizi unakatika. Nimeachia kazi ya kushona sare za kwaya kwa sababu ilihitaji niende Tukuyu siku nne mfululizo, na Jumamosi ya wiki ijayo kuna sendofu ya binti wa dada yangu Makambako, ambako mimi ndiye mama mdogo wa kumsindikiza ukumbini. Mkataba wa maandishi sina. Nina ujumbe wa simu tu. Je, naruhusiwa kufumua? Na je, ni utovu wa adabu kuomba nilipwe kitu kwa siku hizi za kusubiri? Naogopa kwa sababu sisi wa sentensi tano tunabadilishwa kwa urahisi.

Daftari la Seti (Iringa):

Dada, pole kwa baridi na pole zaidi kwa kusubiri. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo ya kutunza mwendelezo, kwa hiyo nianze na nywele.

Ukiambiwa usifumue, maana yake ni kwamba siku ya sini ya pili kichwa kionekane kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa wiki moja, njia rahisi ni kutofumua. Kwa wiki saba njia hiyo imekwisha kufa, kwa sababu hata ukiziacha, nywele zilizoota na mistari iliyolegea hazitafanana tena na za usiku ule. Mtazamaji atamwona muuguzi aliyezeeka wiki saba kati ya usiku na alfajiri. Unalazimika kusuka upya hata kama hakuna sendofu.

Mwombe aliyekuwa akipiga picha za kumbukumbu siku ile akutumie zako zote: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Lazima anazo. Hesabu mistari, tazama unene wake, inaanzia wapi kwenye paji la uso na mikia imefungwaje shingoni. Kumbuka pia ulikuwa umesuka siku ngapi kabla ya kurekodi. Kama zilikuwa na siku tatu, basi uzisuke siku tatu kabla ya sini ya pili, kwa kuwa nywele zilizosukwa jana zinang'aa na ngozi ya paji inavutika, na kamera ya karibu huliona hilo. Rudi kwa msusi yuleyule, maana kila mkono una mvuto wake. Usisahau kucha, hereni na lile sweta; ukilivaa tena, lipandishe mkono.

Kuhusu kuchelewa, usidhani umesahauliwa. Hatufuati mpangilio wa hadithi, tunafuata mahali na watu. Sini yako ya pili huenda inamsubiri mhusika mkuu, au korido ile imepangishwa kwa mtu mwingine. Hilo halikuondolei haki ya kupewa taarifa.

Mzee wa Jukwaa:

Marahaba, mwanangu. Mtaalamu wa Iringa amemaliza ya kichwani, mimi niseme ya karatasi.

Usijione huna mkataba. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Shida yake huwa ni ushahidi, na ule ujumbe wa simu ni ushahidi, usiufute. Vilevile Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake, na haimuulizi alikuwa na sentensi ngapi.

Sasa hilo la kubadilishwa. Sini ya kwanza imekwisha kurekodiwa na uso wako umo. Wakimweka mwingine, itabidi wamrudishe yule mama kitandani, wazibe tena madirisha na wawalipe watu wote siku nzima. Simaanishi uwatishie, nataka uongee kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehitajika. Waandikie leo, kwa heshima, kwamba utafumua tarehe fulani kwa shughuli ya familia, kwamba utasuka upya kwa kufuata picha wakikupa taarifa siku tano kabla, na kwamba gharama ya kusuka ni yao. Uulize pia malipo ya siku ya pili ni kiasi gani na yatalipwa lini. Fidia ya wiki saba zilizopita sidhani utaipata, kwa kuwa hamkuipatana mwanzoni. Safari ijayo ipatane kabla ya kuvaa gauni.

Binti Kihesa:

Naomba kutofautiana kidogo na mzee wangu. Mimi niliwahi kuandika ujumbe wa namna hiyo, na nafasi yangu ikafutwa kwenye muswada, hawakuhitaji hata kumtafuta mwingine. Dada apige simu kwanza, aongee na mtu, ndipo aandike kile walichokubaliana.

Mzee wa Jukwaa:

Hapo umesema kweli, binti yangu. Simu itangulie, maandishi yafuate siku hiyohiyo.

Fundi wa Mwanjelwa:

Nawashukuru sana. Nilipiga simu jana asubuhi kabla ya kufungua kazi, nikaongea na msaidizi wa mwongozaji, na mchana nikamwandikia tuliyokubaliana naye akajibu kwamba ni sahihi. Nimeruhusiwa kufumua. Watalipa shilingi 15,000 za kusuka, siku ya pili ni 60,000 kama ya kwanza, na watanipa taarifa siku tano kabla. Fidia ya kusubiri wamekataa, kama mzee alivyotabiri. Sare za kwaya zimekwisha kwenda kwa fundi mwingine.

Picha nimetumiwa. Ni mistari minane, na wa tatu kutoka kushoto umepinda kidogo nyuma ya sikio, jambo ambalo sikuwa nalijua. Nimempelekea msusi wangu picha hiyo, akacheka, akasema siku ile mtoto alikuwa akilia mgongoni mwake. Ameahidi kuupinda tena vilevile.