Tupeane uzoefu: ni lini kuhisi anachohisi mwenzako kulikusaidia, na ni lini kulikuponza?

Mwanafalsafa Njaa
Wakuu, poleni na majukumu. Namalizia tasnifu ya uzamili, falsafa ya maadili, na nimekwama kwenye ikisiri ya Kiswahili. Kisa ni neno moja tu, empathi, yaani huko kuhisi anachohisi mwenzako. Waingereza wenyewe walilipata mwaka 1909, mwanasaikolojia Titchener alipokuwa akihangaika kutafsiri *Einfühlung* ya Wajerumani, kwa hiyo hata wao hawakuwa nalo. Mwanafalsafa Edith Stein aliliandikia tasnifu nzima chini ya mwalimu wake Husserl mwaka 1916, na alisisitiza kitu tunachokisahau: nikiyaona maumivu yako yanabaki kuwa yako, mimi siyahamishii kwangu.

Nikiandika "huruma" msimamizi anakata, anasema huruma ni ya aliye juu kwa aliye chini. Nikajaribu "kuvaa viatu vya mwenzako". Bibi nilipomsomea akauliza, "Na yeye umemwacha peku?" Nikafuta.

Tafsiri niachieni mimi. Nataka visa vyenu. Matusi hapana.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Falsafa sikusoma ila hili limenikuta. Nilikuwa wodi ya watoto walioungua. Kulikuwa na wa miaka minne, kamwagikiwa na chai kifuani, kafanana na mwanangu mpaka namna ya kununa. Siku ya kubadilisha kidonda nilikuwa nailowesha gozi yake kwa maji ya chumvi taratibu, hata nusu saa, ili isiondoke na ngozi. Huku namwimbia.

Kitanda cha dirishani alikuwepo mwingine, mkubwa kidogo. Mama yake katoka mbali, Kiswahili cha kubahatisha. Yule mtoto alikuwa halii. Kwake nalowesha dakika tano, nabandua. Halii, basi nikajua haumii.

Usiku mmoja inchaji alinishika mkono nikiwa katikati ya kubandua. "Huyu maji yake yameisha?" Hakusema lingine, akaenda zake.

Miaka imepita, binti yangu aliye chuo akanisimulia kitabu cha mwanasaikolojia Paul Bloom cha 2016 kinachoipinga hiyo empathi. Anaifananisha na mwanga wa tochi: unammulika mmoja, wa pembeni anabaki gizani, na mara nyingi anayemulikwa ni yule unayemwona kama wako. Nikamwambia mwanangu, mimi hicho kitabu nimeshakisoma.

Mjukuu wa Siaya
Nesi umenigusa. Mimi nilisoma falsafa Nairobi, na pale humalizi bila kukutana na mwanafalsafa wetu Odera Oruka (1944–1995). Yeye alikuwa anawaendea wazee vijijini kuwahoji, na hakutosheka na methali. Alikuwa anambana mzee: sawa, hiyo ni ya jamii, wewe mwenyewe unaonaje? Anayeyajua ya watu wake na kuyaeleza vizuri ni mtu wa hekima. Anayeyapima na hata kuyakataa, huyo Oruka alimhesabu mwanafalsafa.

Likizo nikachukua simu nikamrekodi babu. Nikamuuliza, jirani akifiwa ni lazima na wewe uhisi uchungu wake? Akachokonoa kiko kitambo. "Tukilia wote, nani atachimba kaburi?" Nikaandika chini: methali. Akachungulia daftari akanikemea. "Methali gani? Hiyo nimeisema mimi, sasa hivi."

Mwalimu Mstaafu
Kijana, mwanafalsafa Wiredu wa Ghana (1931–2022) alishauri hoja yoyote ya Kizungu uijaribu kwa lugha yako uone kama itasimama. Nilipokuwa nafundisha hoja ya Mfaransa Descartes, "nafikiri, hivyo nipo", mwanafunzi wa nyuma akauliza, "Upo wapi?" Darasa likaangua kicheko, lakini Wiredu aliibua jambo hilohilo kwa Kiakan, lugha ya kwao: kuwepo ni kuwepo mahali.

Sasa jaribu na hilo lako. Nani kati yetu amewahi kumwambia mgonjwa "nahisi maumivu yako"? Tunasema pole, naye anajibu "nimeshapoa", hata kama hajapoa. Neno la watu wawili hilo. Asipoitikia linaning'inia. Wewe unatafuta hisia ya mtu mmoja aliyekaa peke yake anamtazama mwenzake, ndiyo maana neno hulioni.

Mama Mwenye Nyumba
Mwalimu shikamoo. Kabla hajatokea wa kutuambia sisi Waafrika tumezaliwa na utu, naomba niseme. Arobaini ya marehemu mume wangu, walewale waliolia msibani mpaka kumwagiwa maji walikuja na kirikuu. Wakabeba friji, wakabeba na kabati. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kabati, nimezipiga deki mwaka mzima.

Na machozi yao yalikuwa ya kweli! Niliyaona. Uchungu wangu waliuhisi vizuri kabisa, na friji wakaihisi pia. Mwanafalsafa Hountondji wa Benin aliwashambulia wanaodai bara zima lina fikra moja, na mimi namuunga mkono kwa kabati langu.

Mwanafalsafa Njaa
Mama pole sana. Mwalimu, marahaba zako zinakusubiri, na mimi naongeza shikamoo. Ikisiri nimeandika "kuutambua uchungu wa mwenzako ukiwa bado ni wake". Refu kama treni ya mizigo, ila msimamizi kapitisha. "Pole" nimeihamishia sura ya tatu, na hapo inabidi niombe miezi miwili zaidi, Mwalimu umeniponza.

Nesi, wale watoto walipona?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Walipona. Wa chai alitoka mapema, wa dirishani alikaa zaidi. Yule wa kwanza jina lake nalijua mpaka leo. La huyu wa pili ilibidi niliangalie kwenye daftari la wodi siku anaondoka, ili nimuage.