Naombeni michezo ya kuwafundishia watoto wadogo Kikorea nyumbani

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 6 na wa kiume 4. Bibi yao mzaa baba ni Mkorea na hana lugha nyingine anayoijua, sasa akipiga video wanamwangalia tu wanacheka na kupunga mkono basi, inaniuma sana. Baba yao Kikorea anakijua lakini kazi yake ni ya kusafiri safiri kwahiyo mimi ndo nashinda nao, na mimi najua kusoma zile herufi zao (hangul) na kuombea maji tu. Nilichapisha makaratasi ya kufuatisha herufi kwa nukta, dada mtu anajaza kurasa mbili anachoka, mdogo wake anachora magari juu yake. Naombeni michezo au vitu vya kutengeneza kwa mikono ambavyo lugha itaingia humo humo.

MwalimuWaAwali
Dada, hayo makaratasi weka pembeni kwanza. Huyo wa miaka 4 vidole vyake bado havijakomaa kwa penseli, anza na mdomo na mwili. Kuna mchezo Wakorea wenyewe wanacheza na watoto wao, ko ni pua, sasa unaweka kidole puani unaimba ko ko ko ko halafu ghafla unataja kiungo kingine, nun! (jicho), mtoto anakimbiza kidole jichoni. Endelea na ip mdomo, gwi sikio. Utamu wenyewe uko pale unapotaja sikio huku kidole chako umekipeleka mdomoni makusudi, hapo mtoto inabidi asikilize neno maana akikuiga tu amekosea. Wakizoea wape wao waongoze, nakuhakikishia wewe utakosea zaidi yao na watafurahi mno.

Mimi kwenye hili nina msimamo mmoja, mchezo usiweze kwenda bila neno. Kama mtoto anaweza kukata na kubandika mpaka mwisho bila kufungua mdomo basi amejifunza kubandika. Kwahiyo siku ya kazi za mikono kaa wewe na vifaa vyote, anayetaka kitu aombe: gawi juseyo (naomba mkasi), pul juseyo (gundi), jongi juseyo (karatasi). Na apokee kwa mikono miwili, kwa Wakorea ndo adabu mbele ya mkubwa, bibi yao ataiona hata kwenye simu.

Fundi Maboksi
Naongezea kwenye herufi. Usinunue kitu, kata boksi gumu. Tengeneza umbo la ㅏ moja tu, kijiti kirefu chenye kijiti kifupi pembeni, mpe mtoto alizungushe mezani. Hivyo lilivyo ni a, likilala kijiti kikaangalia chini ni u (ㅜ), kikiangalia kushoto ni ㅓ, kikiangalia juu ni o (ㅗ). Yaani kipande kimoja cha boksi ni irabu nne!! Na ㄱ ukiipindua kichwa chini inakuwa ㄴ. Watoto wangu walikuwa wanagombania kuzungusha, mmoja anazungusha mwingine anapiga kelele sauti yake.

Halafu waonyeshe herufi zinavyokua kwa kuongezewa mstari, ㄱ inakuwa ㅋ, ㄴ inakuwa ㄷ halafu ㅌ. Hizi herufi hazikujitokeza tu, mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na umbo la ㄴ ni ulimi ulivyogusa juu nyuma ya meno, ㅁ ni mdomo, ㅅ ni jino. Mpe mtoto kioo aseme n, auone ulimi wake ulipokaa. Za msingi ziko 24 tu kwahiyo msiogope.

Pia chukua kile kigogo cha karatasi ya chooni, tengeneza pete mbili za kuzunguka, moja konsonanti moja irabu, anazungusha anasoma ga, na, da.

Kisima cha Maneno
Mkuu hiyo ya pete ni nzuri ila aweke irabu za kusimama tu (ㅏ ㅓ ㅣ), maana hizo ndo zinakaa kulia kwa konsonanti. Za kulala kama ㅗ na ㅜ zinakaa chini yake, ukiziweka kwenye pete mtoto atazoea kuandika kombo. Za kulala atumie vipande vya boksi, apange juu na chini.

Na jambo ambalo naliona la maana kuliko yote hapa, usiwaandikie matamshi kwa herufi zetu chini ya hangul. Huyo wa miaka 6 ameshajua kusoma, macho yake yatakimbilia a e i o u anazozijua na zile nyingine hataziangalia kabisa.

Baba Mapacha
Samahani Kisima mimi hapo sikubaliani kabisa kabisa, kwa mama ambaye mwenyewe hana uhakika ajiandikie pembeni kwenye daftari lake. Ila kwenye kadi za watoto kweli zisiwepo.

Mimi nakuja na michezo ya kushindana maana watoto wa kiume bila kushindana wanalala. Wa kwanza ttakji: karatasi mbili, kila moja ikunje mara tatu kwa urefu iwe mkanda, zipishanishe msalaba, kunja ncha nne pembe tatu na ya mwisho ichomeke chini ya ya kwanza, unapata kibao kigumu cha mraba. Cha kwako unakipiga kwa nguvu juu ya cha mwenzako kilicholala sakafuni, kikipinduka umekila. Sasa sisi kila kibao kina herufi au silabi chini yake, ukikipindua usome ndo ukichukue, usiposoma kinabaki. Huyo wako wa magari atasoma tu.

Wa pili yut, huu Wakorea wanaucheza sana mwaka mpya wao. Chukua vijiti vinne vya aiskrimu, upande mmoja pakeni rangi. Mnavirusha mnahesabu pande zenye rangi zilizoangalia juu: kimoja ni do unasogea hatua 1, viwili gae 2, vitatu geol 3, vinne yut 4, na visipotokea kabisa ni mo, hatua 5. Ukipata yut au mo unarusha tena. Ubao wao halisi una vituo 29 na njia za mkato, ila kwa wa miaka 4 chora njia moja tu. Mnatangaza kwa sauti kabla ya kusogeza, asiyetangaza hasogei.

Sauti ya Tatu
Hamjagusa matamshi na hapo ndipo sisi Waswahili tunaponasa. Kwanza habari njema, ile ㅇ ikiwa mwisho wa silabi ni ng' ya ng'ombe, watoto wako wanayo tayari. Ila b wana za aina tatu: bul ni moto, pul ni nyasi (ndo hiyo hiyo gundi), ppul ni pembe ya mnyama. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, ushike mbele ya mdomo. Ukisema pul karatasi inaruka, bul inatikisika kidogo, ppul inatulia. Chora picha tatu, mtoto aseme wewe uoneshe picha kwa kuangalia karatasi.

Na kingine, ulimi wetu unapenda kuongeza irabu mwishoni, bap (wali) inakuwa bapu. Fanyeni wa "funga mlango", wakifika kwenye p wanafunga midomo na kuganda kama sanamu, anayetoa sauti ametoka.

Matamshi yenyewe usiyatoe kwako, mwombe bibi awatumie voisi, neno moja moja, ndo iwe ya kuchezea.

Mama Wawili
Jamani asanteni mpaka basi. Leo tumecheza ko ko ko, mdogo hataki kuacha, na voisi nimeshaiomba kwa bibi. Swali moja, baba yao aliniambia hesabu zao ziko mbili, hana dul set na pia il i sam. Nianze na ipi?

MwalimuWaAwali
Anza na hana, dul, set, net, daseot, yeoseot (moja mpaka sita). Hizo ndo za kuhesabia vitu na umri, kwahiyo zina kazi kila saa, vijiti, vibao vya ttakji, ngazi mnazopanda. Bibi akiwauliza wana miaka mingapi majibu yake ni humo humo, wako wa 4 atasema ne sal (sal ni miaka, na net ikikaa mbele yake inakuwa ne), dada yake yeoseot sal. Zile il i sam ni za tarehe, hela na namba za simu, mpe huyo mkubwa atakapoanza kutaka kumpigia bibi mwenyewe.