Nyumba ya kupanga Mbweni, Unguja: umeme dhaifu, maji ya chumvi, koga kabatini. Nianze na lipi?

Mgeni_Mbweni

Assalam aleikum, na hamjambo ndugu zangu. Nimetoka Nakuru kwa mkataba wa kazi wa miezi 18. Nyumba iko kama mita 300 kutoka pwani na kodi ya miezi sita imeshalipwa, kwa hiyo kuhama si rahisi. Hali ni hii.

Soketi ya jikoni ilisoma volti 228 saa nane mchana, na 187 saa mbili usiku wakati wa kupika. Friji inanguruma sekunde chache, inalia "tik", inanyamaza, kisha inajaribu tena. Kisima cha uani kina pampu inayojaza tangi la lita 1,000 juu ya paa. Maji ya mwanzo yana ladha nzuri, lakini pampu ikifanya kazi saa mbili mfululizo yanageuka ya chumvi. Viatu vya ngozi na mgongo wa kabati vimeota koga, na rangi ya ukuta inababuka chini na kuacha unga mweupe.

Bahati niliyokuta: paa ni bati jipya, mpangaji aliyepita ameacha tangi tupu la lita 2,000, na mwenye nyumba amekubali matengenezo yakatwe kwenye kodi ijayo. Pesa haitoshi kufanya yote mwezi huu. Lipi litangulie?

Fundi_Mwembeladu

Waaleikum salaam, karibu Unguja kaka. Umeme kwanza, na chomoa friji usiku mpaka ujue tatizo liko wapi. Kompresa ikipewa volti 187 inashindwa kuanza, inavuta ampia nyingi, inapata moto, na kile kilinzi chake kinakata. Hiyo ndiyo "tik" unayoisikia. Ikiendelea wiki kadhaa waya za ndani zinaungua, na kompresa mpya inakaribia bei ya friji.

Usikimbilie kununua stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti). Pima hivi: saa mbili usiku zima kila kitu, soma volti kwenye soketi ya jikoni. Kisha washa birika la wati 2,000 kwenye soketi ya jirani yake na usome tena. Ikiwa volti iko chini hata kila kitu kikiwa kimezimwa, udhaifu unatoka kwenye laini ya nje. Ikiporomoka pale tu birika linapowaka, mara nyingi ubovu uko kati ya mita na hiyo soketi. Tuletee namba zote mbili.

Maji_Baridi

Hicho kisima si kibovu, kinanyonywa vibaya tu. Chini ya kisiwa maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta mengi kwa mkupuo, usawa wa maji baridi unashuka na chumvi inapanda kutoka chini kuziba nafasi. Ukiacha, inashuka taratibu. Kwa hiyo punguza muda, usiongeze nguvu: pampu dakika 20, pumzisha saa tatu au nne, rudia. Tangi la lita 1,000 lijazwe kwa awamu tatu au nne kwa siku na si kwa mkupuo mmoja. Kitaimasaa (swichi ya saa) cha kuchomeka ukutani kinafanya kazi hiyo peke yake, mradi pampu ni ndogo kuliko uwezo wa kitaimasaa chenyewe (soma ampia zilizoandikwa). Jambo la pili, pandisha mdomo wa bomba la kunyonyea. Mafundi wengi wanaushusha mpaka karibu na chini ya kisima, na huko ndiko kwenye chumvi na mchanga. Nusu mita chini ya usawa wa maji wakati wa ukame inatosha.

Nunua kipimo kidogo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Chini ya 500 ladha ni safi, ikipita 1,000 ulimi unaikataa. Andika namba pampu inapoanza na kila baada ya dakika kumi. Pale inapoanza kupanda kwa kasi ndipo mwisho wako, hata kama ni dakika 12. Rudia kipimo wakati wa bamvu, mwezi mpya au mwezi mpevu, kwani visima vya karibu na pwani vinapanda na kushuka na bahari.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Mvuke unatoka, chumvi inabaki, maji yanazidi ukali. Na ukiwa na mashine ya maji moto, chumvi ndiyo adui wake mkubwa: fungua kila miezi sita uangalie ile fimbo ya magniziamu ndani. Ikibaki uzi mtupu, badilisha, la sivyo tangi lenyewe ndilo litakaloliwa.

Lakini hazina yako ni bati na lile tangi tupu! Masika yako mlangoni. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 25, ni lita 2,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kumwagika, unabaki na 1,600. Tangi karibu linajaa kwa mvua moja ya nguvu, na hayo maji hayana chumvi.

Mama_Kikwajuni

Mwanangu, koga haiondoki kwa kupangusa tu. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi mwaka mzima na masika inazidi, kwa hiyo kila kitu kisichopitiwa na upepo kitaota. Sogeza kabati kiasi cha vidole vinne kutoka ukutani, inua miguu yake juu ya vibao, toboa matundu juu na chini ya mgongo wake. Viatu na mikanda vipanguse kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, vianikwe kivulini penye upepo. Jua kali linapasua ngozi. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hewa yake inadhuru kifua.

Pasipoti, kibali cha kuishi na vyeti vya skuli tia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu au dawa. Vikishiba unyevu, badilisha. Watu watakwambia utie karafuu. Harufu yake nzuri, lakini hazikaushi hewa.

Ule unga mweupe ukutani ni chumvi. Ama mchanga wa matofali ulitoka pwani bila kuoshwa, ama unyevu unapanda kutoka chini. Usioshe kwa maji, utairudisha ndani. Ngoja siku kavu, sugua kwa brashi ngumu, zoa unga wote utupe nje, acha ukuta upumue, kisha paka chokaa. Rangi ya mafuta ni kosa ninalolichukia: inaziba, chumvi inasukuma kutoka nyuma, na baada ya miezi michache inababuka vipande vikubwa kuliko mwanzo.

Mkaazi_Chukwani

Naongeza taa kabatini: balbu ya zamani ya wati 25 chini ya kabati, iwake muda wote. Joto lake dogo linafukuza unyevu.

Fundi_Mwembeladu

Inafaa, ila kwa tahadhari. Balbu ifungwe ndani ya kizimba cha waya na nguo zikae mbali nayo sentimita 30 au zaidi, maana balbu iliyoguswa na kanga ni moto. Balbu za LED hazisaidii, joto lake dogo mno. Na hesabu TUKUZA yako (umeme wa kulipia kabla): wati 25 mchana na usiku ni uniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi kwa kabati moja. Mimi ningeiwasha masika tu.

Mgeni_Mbweni

Nashukuruni sana. Nimepima: kila kitu kikizimwa, 209. Birika likiwaka, 188. Kifuniko cha breka kuu kina rangi ya kahawia pembeni.

Fundi_Mwembeladu

Basi usitumie tena birika wala pasi mpaka pakaguliwe. Laini ya nje ni dhaifu kidogo, lakini 209 ni volti inayovumilika. Kiwango ni 230 na friji nyingi zinakubali kushuka mpaka karibu 207. Hizo volti 21 zinazopotea ndizo zinazonitia hofu. Kwa volti 188 birika linavuta kama ampia 7, kwa hiyo karibu wati 150 zinageuka joto mahali fulani njiani, na hiyo kahawia inaonyesha ni wapi. Waya wenyewe hauli kiasi hicho: mita 40 za waya wa milimita za mraba 2.5 zingepoteza volti tano tu kwa mzigo huo. Ni skrubu iliyolegea au iliyoliwa na kutu. Hewa ya chumvi inafanya hivyo.

Fundi mwenye leseni azime kuu, akate ncha iliyoungua mpaka kwenye shaba inayong'aa, abadilishe breka yenyewe (kukaza iliyokwishaungua ni kazi bure), akaze skrubu zote za boksi, na khasa ya nyutro (waya wa kurudishia umeme). Upande wa mita wenye lakiri usiguswe na mtu yeyote, ripoti kwa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Na siku ukiona taa nyengine zinawaka kupita kiasi huku nyengine zinafifia, zima kuu hapo hapo: nyutro imeachia.

Baada ya hapo pima tena. Ikiwa birika halishushi zaidi ya volti tano au sita, nunua kile kikasha cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme dakika tatu hadi tano. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, gesi ndani ya kompresa haijatulia na inaanza kwa shida. Stabilaiza ya VA 1,000 ni kwa ajili ya zile nyakati unazosoma chini ya 200 bila mzigo.

Mpemba_wa_Wete

Kwa mpango wa pesa: breka wiki hii, gata (mfereji wa paa wa kupeleka mvua tangini) kabla ya masika, kitaimasaa cha pampu mwezi ujao, chokaa isubiri kaskazi kuta zikauke. Yote yaandikwe kwenye karatasi na mwenye nyumba atie saini, na risiti ziwe na jina lako. Kama bado hujafika kwa sheha wa shehia yako (kiongozi wa serikali wa mtaa) na nakala ya pasipoti, kibali na mkataba wa nyumba, nenda. Barua yake utaihitaji kwenye mambo mengi.

Kisima kiache na mfuniko unaofunguka na ndoo yenye kamba. Umeme wa visiwa unapita chini ya bahari kutoka bara. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kebo mpya ya mwaka 2013 imeleta nafuu kubwa, lakini mwenye ndoo hakosi maji.

Maji_Baridi

Gata iteremke sentimita moja kwa kila mita mbili kuelekea tangini. Maji ya mwanzo ya kila mvua, lita 40 hadi 80 kwa paa hilo, yamwage: yamebeba vumbi, chumvi ya upepo na mavi ya ndege. Bomba la kusimama lenye kizibo chini linayakamata. Tangi lenyewe lisuguliwe, lijazwe maji, litiwe lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000, likae usiku mzima, limwagwe, lisuuzwe. Ya kunywa bado uyachemshe. Funga wavu wa mbu kwenye mdomo wa kuingilia na kwenye bomba la kufurikia, watu wanasahau hilo la pili.