Tangazo la mapokezi linataka "picha ya mwili mzima". Waajiri wa Dar mnaajiri nini?

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili mpaka limenishinda.

"Anahitajika dada wa mapokezi, miaka 20 hadi 26, awe mrembo, asiwe na mtoto. Atume CV na picha ya mwili mzima." Limeletwa kwenye kundi la ajira la WhatsApp, ofisi iko Mikocheni. Chini yake mwajiri huyohuyo anatafuta kaka wa mauzo: stashahada na uzoefu, basi. Hakuna anayemuuliza kaka ana watoto wangapi wala anaonekanaje akisimama.

Mimi nimesomea uhasibu. Nina kovu la moto shavuni tangu utotoni. Kwenye usaili mmoja pale Posta bosi aliniangalia usoni, akafunga faili langu. "Dada yangu, kaunta tunataka sura ya kuvuta wateja. Labda stoo." Kuhusu hesabu hakuniuliza hata swali moja. Nilipanda daladala natetemeka kwa hasira.

Na warembo msidhani wanafaidi. Rafiki yangu alipata kazi Kariakoo upesi kwa uzuri wake. Bosi akaanza kumtaka, alipokataa akapangiwa zamu mbovu. Alipoomba usimamizi wa tawi akaambiwa yeye akae mbele, wateja wanampenda. Sura iliyompa kazi ndiyo imemzibia njia ya kupanda! Jambo hilo la bosi lina jina, ni rushwa ya ngono, na lipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Najua kuna watakaosema wanaume nao wanabaguliwa kwa sura. Ni kweli. Wachumi wa Marekani Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walilipima mwaka 1994, wakakuta wasioonekana wazuri wanalipwa pungufu, wake kwa waume. Lakini nionyesheni tangazo la hapa mjini linalomtaka fundi umeme atume picha ya mwili mzima.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengine. Kinamlinda hata mwombaji kazi, na kinagusa matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Sura haikutajwa, na wanajificha hapohapo. Mimi nasema ukidai urembo kwa mwanamke tu, umebagua jinsia.

Nataka kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi muda wa kufungua shauri ni siku 60, na tangazo nimelihifadhi, jina la mwajiri linasomeka. Mwanasheria yeyote humu, au aliyewahi kufungua shauri la tangazo la kazi, aje aniambie nijaze nini kwenye fomu.